Hofu ya Aliyetengwa

Mwanafunzi mwenye adabu hamkatizi mwalimu wake maneno, lakini aweza kumwuliza swali moja likamnyima usingizi. Swali la namna hiyo lilinifika siku moja darasani, tulipokuwa tukichambua maana za neno usalama. Nilikuwa nimekwisha kueleza kuwa neno hili ni la ukoo mmoja na salamu, kwamba shina lake tulilipata kwa Waarabu, na kwamba katika matumizi yetu ni neno la watu wawili: mmoja huuliza kama mwenziwe yu salama, na mwenziwe hujibu kuwa ni salama. Kijana mmoja aliyeketi safu ya nyuma akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, na taifa ambalo halina wa kulijulia hali, usalama wake litautoa wapi? Likijitengenezea bomu la nyuklia, twaweza kulilaumu?"

Nilimjibu upesi, kama wajibuvyo watu ambao hawajafikiri. Nilisema kuwa mataifa ya namna hiyo hutawaliwa na watu wenye wazimu na kiburi, na mwenye wazimu haulizwi sababu. Darasa likanyamaza. Lakini mwalimu aliyefundisha miaka mingi huweza kupambanua kimya cha kukubali na kimya cha heshima, na kimya kile kilikuwa cha heshima tu. Nilirudi nyumbani nikiwa na deni. Nilikuwa nimepata kumwona aliyetengwa, kwa macho yangu mwenyewe, nikiwa mtoto. Nilijua kuwa hakuwa na wazimu, na nilijua pia kuwa nilimtendea ubaya ambao sijapata kuusimulia. Nausimulia hapa, kwa sababu bila huo siwezi kulijibu swali la kijana yule kwa haki.

Bibi yangu mzaa mama alikaa katika kijiji kimoja cha milima ya Uluguru, nami nilipelekwa kwake kila likizo ndefu. Kijijini mle alikuwapo mzee mmoja aliyetengwa. Mzee huyu alikuwa amehamisha alama za mpaka na kula sehemu ya shamba la mjane, jirani yake. Wazee walimwita barazani mara ya kwanza na mara ya pili, akaikataa hukumu yao. Basi kijiji kikamtenga. Hakuna aliyemsalimu njiani, hakuna aliyempa moto, hakuna aliyekwenda kumsaidia kulima, wala yeye hakualikwa katika arusi au msiba. Mkewe akarudi kwao. Mzee akatafuta gobori, akaliweka nyuma ya mlango. Na haikupita miezi mingi kabla habari za gobori hazijaenea kuliko habari za shamba. Watu wakawa hawasemi tena, "Yule aliyemdhulumu mjane," bali, "Yule mwenye gobori."

Sisi watoto tulimpa jina la Kaburu. Neno hilo lilikuwa vinywani mwa watu wote miaka ile ya 1980. Makaburu walitajwa katika redio kila siku, katika nyimbo zetu za mchakamchaka shuleni, na katika michezo yetu ya vita. Mjini Morogoro tulikuwa tukiwaona vijana wa Afrika Kusini waliokuwa wakisoma Mazimbu, katika shule ya chama cha ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Tulijua kuwa vijana wale walikuwa mbali na mama zao kwa sababu ya Makaburu. Kwa hiyo kumwita mzee jina hilo kulikuwa kumtoa katika hesabu ya watu.

Usiku mmoja wa Desemba 1988, nikiwa na umri wa miaka minane, tulikwenda wavulana wanne kulitupia mawe paa la bati la nyumba yake. Jiwe la tatu lilipolia mlango ulifunguka, akatoka na gobori mkononi. Wenzangu walikimbia. Mimi nilijikwaa nikaanguka mgombani, hatua chache tu kutoka kizingitini, nikalala kifudifudi kama maiti. Mwezi ulikuwa mkubwa. Mzee akaita, "Nani?" Akanyamaza. Akaita tena, "Nani?" Sauti yake haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayetamani kwamba mtu yeyote, hata mwizi, amjibu kwa jina. Nikaona mtutu wa gobori ukitetemeka katika mwanga wa mwezi, nikatambua jambo ambalo mtoto hapaswi kulitambua mapema namna ile: kwamba mtu mwenye silaha alikuwa na hofu kuniliko mimi. Hakupiga. Alikaa kizingitini, silaha magotini, mpaka usingizi ukamwinamisha kichwa, ndipo nikatambaa nikaondoka.

Kulipokucha wenzangu waliniuliza yaliyotokea. Ningeliweza kusema kweli. Lakini kweli ile ingalinifanya niwe mvulana aliyelala matopeni, nami nilitaka kuwa shujaa. Nikasema kwamba Kaburu alinilenga, akafyatua, na baruti ikakataa kuwaka. Uwongo huo ulipanda mlima kabla ya jua. Jioni vijana wa kijiji walikuwa wamenoa mapanga, wakasema kwamba mtu wa namna ile hafai kuachwa mpaka auwe mtoto. Nyumba yake itiwe moto. Na mzee, alipoona mapanga yananolewa, aliziba dirisha lake kwa mbao, akaacha tundu moja dogo, na katika tundu lile tuliuona mtutu. Watu wakasema, "Hamwoni? Tulijua." Hivyo ndivyo uwongo wangu ulivyojitafutia ushahidi wake wenyewe.

Nitayaacha hapo kwa muda mambo ya kijiji chetu, nizungumze juu ya nchi ambayo jina la watawala wake tulimpachika mzee yule, kwa sababu nilipokua na kusoma niliikuta habari yake imefanana na ya mzee kuliko tulivyojua tulipokuwa tukiimba.

Afrika Kusini haikuianza safari yake ya nyuklia katika upweke. Urani yake, iliyopatikana pamoja na dhahabu, ilinunuliwa na Marekani na Uingereza katika miaka ya 1950, na kinu chake cha kwanza cha utafiti, kilichoanza kazi mwaka 1965 pale Pelindaba karibu na Pretoria, kilitoka Marekani. Mwaka 1970 waziri mkuu, John Vorster, alilitangazia bunge kuwa wataalamu wa nchi wamepata njia yao wenyewe ya kurutubisha urani. Kiwanda cha kazi hiyo kilijengwa jirani na Pelindaba, mahali palipoitwa Valindaba. Mwanafunzi wa lugha za Kibantu hawezi kuyapita majina haya bila kusimama. Katika Kizulu indaba ni jambo, habari au mazungumzo. Phela ni kwisha, na vala ni kufunga. Pelindaba ni mahali ambapo mazungumzo yamekwisha. Valindaba ni mahali ambapo mazungumzo yamefungwa. Sijui majina mawili yanayosema zaidi juu ya silaha ya aina hii. Mtu huanza kuitamani pale anapoamini kuwa hakuna tena la kuzungumza na wenziwe.

Wakati huo nchi ile ilikuwa ikitengwa hatua kwa hatua, na ilistahili. Ilitoka katika Jumuiya ya Madola mwaka 1961. Ilifukuzwa katika harakati za Olimpiki mwaka 1970. Mwaka 1974 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliukatalia ujumbe wake kushiriki katika mkutano. Mwaka huo huo wa 1974 askari wa Ureno waliipindua serikali yao kule Lisbon, na kuta mbili ambazo Makaburu walikuwa wakizitegemea zikaanguka: Msumbiji ikawa huru Juni 1975, na Angola Novemba 1975. Askari wa Kuba wakaingia Angola. Mwaka 1977, mwezi Agosti, setilaiti za Umoja wa Kisovieti ziliona matayarisho ya majaribio katika jangwa la Kalahari, na mashimo yaliyokuwa yamechimbwa yakafunikwa kwa sababu ya shinikizo la mataifa makubwa. Novemba ya mwaka ule Baraza la Usalama liliweka marufuku ya kuiuzia silaha, marufuku iliyozilazimu nchi zote. Kazi ya bomu haikukoma. Iliendelea kwa siri katika jengo lililo nje ya Pretoria, na kufikia mwaka 1989 silaha sita zilikuwa zimekamilika, na ya saba imeanzwa.

Rais F. W. de Klerk alipoifichua siri hii bungeni tarehe 24 Machi 1993, alieleza sababu zake: hofu ya nguvu za Kisovieti kusini mwa Afrika, kuongezeka kwa askari wa Kuba katika Angola, na upweke wa nchi ambayo haikuweza kutumaini msaada wa mtu yeyote kama ingeshambuliwa. Msomaji atayapima maneno hayo kwa mizani yake. Mimi nayapima hivi: yalikuwa maneno ya kweli yasiyotaja mzizi wa jambo. Hofu ilikuwapo, wala haikuwa ya kuigiza. Tulimwona mzee wetu akitetemeka.

Ukichunguza jinsi silaha zile zilivyokusudiwa kutumika, utaona upweke ule waziwazi zaidi. Mpango wao ulikuwa na hatua tatu. Kwanza, kunyamaza, wasikubali wala wasikatae kuwa wanazo. Pili, hatari ikikaribia, kuwanong'onezea wakubwa wa Magharibi, Marekani kwanza, kuwa silaha zipo. Tatu, kama mnong'ono hautatosha, kuzitangaza au kulipua moja chini ya ardhi ili dunia yote ione. Katika hatua zote tatu aliyesemeshwa kwanza si adui. Ni rafiki wa zamani aliyegeuza uso. Bomu lilikuwa njia ya kumlazimisha mtu asiyekusalimu akutazame. Na nani asiyejua kwamba ndivyo alivyo kila aliyetengwa? Mzee wa Uluguru hakulipata gobori ili awinde. Alilipata ili watu wakipita mbele ya mlango wake wapunguze mwendo.

Lakini sasa yafaa tuulize: silaha zile sita zilimlinda nani na kitu gani? Hatari iliyowala Makaburu haikutoka Moscow. Ilitoka katika shule za Soweto, ambako Juni 1976 watoto walikataa kufundishwa kwa lugha ya mtawala. Ilitoka migodini, viwandani, makanisani na katika kambi za vijana walioimba usiku mbali na kwao. Bomu la nyuklia halitupwi Soweto. Anayelitupa huko hujiteketeza yeye mwenyewe. Na majirani waliodaiwa kuizingira nchi ile ndio waliolala bila usingizi: Januari 1981 askari wake walivamia Matola katika Msumbiji, na siku moja ya Mei 1986 walishambulia Harare, Gaborone na Lusaka. Waliojiita waliozingirwa ndio waliovuka mipaka ya wengine. Basi hofu yao ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa kivuli cha dhuluma yao wenyewe, na hakuna silaha inayoweza kumwua mtu kivuli chake. Mzee wetu naye hakuwa akimwogopa mwizi. Alikuwa akiliogopa shamba.

Hapa ndipo narudi kijijini, kwa kuwa naamini jibu la nusu ya swali la mwanafunzi wangu lilipatikana huko.

Usiku ule wa mapanga bibi yangu aliniita jikoni. Hakunipiga wala hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, ulisikia mlio wa fataki?" Nikanyamaza. Akauliza tena, "Basi uliuona moshi?" Nikalia. Akaelewa yote. Asubuhi, kabla vijana hawajakusanyika, alijitanda kanga zake, akanishika mkono, akapanda nami mpaka mbele ya nyumba ile yenye tundu moja. Mtutu ulikuwapo. Alisimama hatua kumi kutoka mlangoni, akasema kwa sauti ya kila siku, kama anayepita kwenda kisimani: "Hujambo, kaka? Umeamka salama?"

Sijapata kusikia kimya kirefu kama kile. Kisha ndani ikatoka sauti iliyosahau kazi yake, ikajibu, "Salama." Baada ya neno hilo mtutu uliondolewa dirishani.

Wasomaji wapenda haki wasinielewe vibaya. Bibi yangu hakumwambia kuwa shamba ni lake. Maneno yake ya pili, mlango ulipofunguliwa, yalikuwa juu ya shamba la mjane, na hayakuwa matamu. Alimwambia kuwa shamba halina budi kurudi, na kwamba siku litakaporudi hapana atakayeigusa nyumba yake, na yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kuja na jembe. Kisha alinisukuma mbele nikaukiri uwongo wangu mbele ya mzee, na jioni nikaukiri barazani mbele ya watu wote. Mzee hakukubali siku ile. Alikubali baada ya majuma kadha. Alama za mpaka zilirudishwa mahali pake, wazee wakishuhudia. Mvua za masika zilipoanza watu sita walikwenda kumsaidia kulima, na bibi yangu alikuwa mmojawapo. Gobori hakuna aliyemwomba. Alilibeba mwenyewe baada ya mavuno akampelekea mwenyekiti wa kijiji, akasema kuwa linamchukulia nafasi nyuma ya mlango.

Sasa tazama mfuatano wa mambo katika nchi ile kubwa. Mwezi ule ule wa Desemba 1988, bibi yangu alipokuwa akiamka kumsalimu mzee, redio ilitangaza kuwa mapatano yametiwa sahihi New York, askari wa Kuba waondoke Angola na Namibia iwe huru. Septemba 1989 de Klerk akawa rais. Februari 1990, tarehe 11, Nelson Mandela alitoka gerezani; na kabla ya mwezi kwisha, rais alitoa amri ya kuzivunja silaha zote sita. Namibia ikapata uhuru Machi 1990. Julai 1991 Afrika Kusini ilijiunga na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, na wakaguzi wa kimataifa wakakaribishwa. Silaha zilikuwa zimevunjwa kwa siri kama zilivyotengenezwa, na dunia ikaambiwa baadaye. Wapo wasemao kuwa watawala wale waliharakisha kwa sababu hawakutaka serikali ya Waafrika iirithi silaha ile, wala siwezi kusema kuwa wamekosea. Moyo wa mwanadamu huweza kubeba sababu mbili kwa wakati mmoja. Hata hivyo, lililo wazi ni hili: shamba na gobori viliondoka pamoja. Waliokubali kwamba nchi si yao peke yao hawakuwa na haja tena ya kulala na silaha.

Kama habari ingaliishia hapa, insha hii ingalikuwa fupi, nami ningelirudi darasani na jibu zuri. Lakini haki yataka niliseme na lile linalonipinga. Si kila aliyetengwa ametengwa kwa ajili ya shamba la mjane, na si kila aliyeweka gobori chini alipewa jembe.

Itazame Korea ya Kaskazini. Utawala wake ni mkali juu ya watu wake, na sitautetea. Lakini vita vya Korea, vilivyoanza mwaka 1950, vilisimamishwa mwaka 1953 kwa mapatano ya kuacha kupigana tu, na mkataba wa amani haujatiwa sahihi mpaka leo. Tangu mwaka 1958 hadi 1991 Marekani iliweka silaha za nyuklia katika Korea ya Kusini. Kisha marafiki wawili wakubwa wa Kaskazini wakafungua ubalozi kwa adui yake, Umoja wa Kisovieti mwaka 1990, na China mwaka 1992. Januari 2003 nchi hiyo ilitangaza kujitoa katika mkataba wa nyuklia. Machi ya mwaka ule Iraki ikavamiwa. Oktoba 2006 Korea ya Kaskazini ikalipua bomu lake la kwanza. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Itazame Libya. Desemba 2003 Muammar Gaddafi alikubali kuiacha mipango yake ya silaha za nyuklia, akasifiwa. Machi 2011 ndege za mataifa ya Magharibi zilianza kuyapiga majeshi yake wakati wa uasi uliotokea nchini, na Oktoba aliuawa. Wakuu wa Korea ya Kaskazini waliutaja mfano huo waziwazi mwaka ule ule, kama mtu aonyeshaye kovu la jirani. Itazame Ukraine nayo, ambayo haikumdhulumu mtu shamba. Ilirithi maelfu ya silaha za Kisovieti, ingawa mamlaka ya kuzifyatua yalibaki Moscow, ikazitoa zote kwa ahadi iliyoandikwa Budapest tarehe 5 Desemba 1994, na Urusi, Marekani na Uingereza zikatia sahihi kuwa mipaka yake itaheshimiwa. Mwaka 2014 Urusi ilitwaa Krimea. Tarehe 24 Februari 2022 ilivamia nchi kutoka pande kadha. Ni nani atakayemwambia aliyetengwa leo kuwa ahadi iliyoandikwa ni imara kuliko chuma?

Nimelikalia swali hili usiku mwingi. Nadhani tofauti ya kijiji na dunia ni hii. Kijijini wazee waliomhukumu yule mzee hawakuwa na magobori. Neno lao lilikuwa na uzito kwa sababu wao wenyewe walikubali kuhukumiwa kwalo. Lakini katika Baraza la Usalama wakubwa watano wenye viti vya kudumu wote wana silaha za nyuklia. Dunia nzima ina zaidi ya vichwa 12,000 vya silaha hizo, na karibu sehemu tisa katika kumi ziko mikononi mwa Marekani na Urusi. Mtu aliyelala na gobori kitandani akimwambia jirani yake kuwa gobori ni haramu, jirani hasikii mafundisho, husikia amri. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Baraza la namna hiyo laweza kumtenga mtu. Kumrudisha ni kazi ngumu kwalo, kwa sababu kurudisha kwataka mtu wa kusimama hatua kumi kutoka mlangoni akiwa mikono mitupu.

Pamoja na hayo, kuna neno moja la kututia moyo sisi wa bara hili. Nchi za Afrika zilipokubaliana kulifanya bara zima lisiwe na silaha za nyuklia, zilitia sahihi mkataba wao Cairo tarehe 11 Aprili 1996, nao ulianza nguvu tarehe 15 Julai 2009. Mkataba huo waitwa Mkataba wa Pelindaba. Jina lililokuwa la mahali ambapo mazungumzo yamekwisha, leo ni jina la mapatano ya majirani. Maneno, kama watu, huweza kurudishwa kijijini.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani nikamwambia kijana yule mbele ya wenziwe kuwa nilimjibu vibaya. Nikamweleza haya niliyoyaeleza hapa, na habari ya uwongo wangu sikuificha. Akafikiri, kisha akauliza: "Basi, Mwalimu, tuwalaumu au tusiwalaumu?"

Nilimwambia kuwa lawama ibaki palipo na dhuluma. Bibi yangu alimwelewa mzee kuliko mtu yeyote, na hakumsamehe mjane hata hatua moja ya shamba lake. Lakini anayelaumu asiseme uwongo juu ya anayelaumiwa. Nilipowaita watu wale wendawazimu nilirudia kosa la utoto wangu: nilisema kuwa risasi imefyatuliwa pale ambapo niliona mkono unatetemeka. Anayemwita mwoga mwendawazimu humwongezea sababu ya kuziba madirisha, na tundu moja analoliacha ndilo linalotukabili sisi sote.

Kijana alinisikiliza, lakini sioni kuwa aliridhika, wala sikutaka aridhike. Yeye ni wa zama zilizoiona Ukraine, na ana haki ya kutaka jibu bora kuliko langu. Mzee wa Uluguru alikwisha kufa miaka mingi iliyopita, akazikwa na kijiji kizima, mjane akiwa miongoni mwa waliopika. Kwa muda wote uliobaki wa maisha yake, nilipokuwa nikipita mbele ya nyumba yake wakati wa likizo, aliniwahi kwa salamu kabla sijafungua kinywa, mtoto niliyempaka uwongo. Nami nilimjibu, "Marahaba, babu," nikakosea kwa haya, kwa maana anayeitikia marahaba ni mkubwa. Alicheka. Hakunisahihisha.